Mapigo ya moyo darasani: kitabu cha Kelly Hunter kwa walimu wa wanafunzi wenye usonji

Kwa mihula miwili nimekitumia kitabu Shakespeare's Heartbeat katika kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na ninawaandikia walimu wenzangu wanaojiuliza kama kinafaa kununuliwa. Kelly Hunter ni mwigizaji wa Uingereza aliyewahi kuigiza na kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company. Michezo ya kitabuni ameichota katika tamthilia mbili za Shakespeare, The Tempest na A Midsummer Night's Dream, na kila kipindi huanza kwa duara: watoto huweka mkono kifuani, wakagonga mapigo ya moyo na kusalimiana kwa mdundo huohuo, mara kwa furaha, mara kwa hasira.

Hapo ndipo nilipokwama. "Hello" ya Kiingereza huanza na silabi nyepesi ikaishia na nzito, kama mapigo yenyewe, ilhali "jambo" huanza na nzito, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; wanafunzi wawili, wenye sikio kali kuliko langu, waliacha kabisa kugonga. Nilipobadili nikatumia "hujambo", "hu" kwa pigo jepesi na "ja" kwa pigo zito, duara lilitulia.

Mchezo ninaouthamini kuliko yote ni ule wa The Tempest, ambamo msichana Miranda humfundisha Caliban, mkazi wa kisiwa asiyejua kusema, kutamka jina lake mwenyewe. Mvulana mmoja wa miaka 11, ambaye ni nadra kusikia neno kinywani mwake, alikuwa Caliban kwa wiki tatu bila kutoa sauti. Wiki ya nne alijigonga kifuani akasema "Ka", akanyamaza, akarudia. Kipindi kilichofuata aliushika mkono wangu, akaubandika kifuani pangu na kusubiri: sasa yeye alikuwa Miranda, na mwanafunzi nilikuwa mimi.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kuhusu mbinu hii, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha maendeleo katika stadi za kijamii baada ya wiki 10, lakini ulihusu watoto 14 tu, kwa hiyo nisingemwahidi mzazi yeyote makubwa.

Kasoro zipo. Mbinu hii ilikuzwa na waigizaji kadhaa wakicheza bega kwa bega na watoto, nami niko peke yangu na wanafunzi wanane, hivyo baadhi ya michezo nimeiacha. Aidha, mkazo wa kutazamana machoni ni mkubwa mno kwa maoni yangu. Kuna watoto ambao kutazamwa kunawaumiza, nami huwaruhusu wautazame mkono wa mwenzao. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini maneno ya Miranda na baba yake Prospero niliyapata katika Tufani, tafsiri ya The Tempest ya S. S. Mushi ya mwaka 1969, ambayo yafaa kutafutwa maktaba.

Mwalimu mwenye msaidizi hata mmoja akinunue, na wiki mbili za kwanza afundishe salamu peke yake.