Ripoti za Azure DevOps Server: Reporting Services au Analytics?

Kwa timu ya Kampala inayoendesha Azure DevOps Server (mfumo wa Microsoft wa kusimamia kazi za kutengeneza programu) kwenye seva yake ya ofisini, nachagua Analytics, huduma ya ripoti iliyo ndani ya mfumo huo. Inapatikana tangu toleo la 2019, na kazi ikifungwa, chati hubadilika baada ya muda mfupi. Reporting Services, zana ya ripoti ya SQL Server, inahitaji ghala la data (hifadhidata ya pembeni ya kukusanyia takwimu), kisha Analysis Services, sehemu inayozichambua, ambayo kwa mipangilio ya awali husasishwa kila baada ya saa 2. Meneja akiulizia hitilafu zilizorekebishwa punde, anapewa takwimu zilizopitwa na wakati. Tena kuna akaunti za huduma, ruhusa, nywila zinazoisha muda. Msimamizi mmoja atachoka! Ila Reporting Services ina jambo ninaloliheshimu sana: hutuma ripoti kwa baruapepe kwa ratiba, hata mteja wa Entebbe asiyegusa mfumo akaipata Jumatatu asubuhi. Zana zote mbili hukaa mtandao wa ndani, kwa hiyo bando likiisha chati bado zinafunguka.