Passau hadi Vienna kwa baiskeli na watoto: kifurushi cha siku saba

Njia ya baiskeli kando ya mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, ni kilomita 320 hivi, karibu zote tambarare na lami. Njia naipa nyota tano. Baiskeli za kukodi, tatu.

Tulilipia hoteli, usafirishaji wa mabegi, baiskeli mbili za wakubwa, moja ya mtoto wa miaka 9, na trela la mtoto wa miaka 3. Mabegi yalitutangulia kila siku, hapo sina neno. Baiskeli ndizo za kukagua kabla ya kusaini. Gia saba zimo ndani ya haabu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na breki ya nyuma inakamata ukikanyaga pedali kinyumenyume. Mtoto aliyezoea breki za mkononi hurudisha pedali nyuma anapotaka kuanza safari, kumbe amejifunga breki mwenyewe. Mpe dakika kumi za kuzunguka uani, au agiza mapema isiyo na breki hiyo.

Trela lilikuja na matairi laini. Pampu ya kifurushi ilishika valvu za baiskeli, aina ileile ya Phoenix za nyumbani, ila trela lina valvu nene ya gari na pampu ikagoma. Upepo ukipungua trela linakuwa zito kama gunia la mchanga, na ukipanda ukingo wa barabara tyubu inabanwa kwenye rimu, unapata matundu mawili yanayotazamana. Dai pampu ya midomo miwili, viraka na tyubu ya akiba ya trela, si ya baiskeli tu. Vuta pini ya kiungo cha trela na baiskeli kwa mkono uone kama imefunga.

Austria mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, hata akiwa ndani ya trela. Jaribuni kiti kwanza: mgongo wa kiti ukiwa hauna nafasi ya helmeti, kichwa kinasukumwa mbele na mtoto hawezi kulala.

Ratiba ya kampuni ya kifurushi inaweka Linz hadi Grein siku moja, kilomita 60 hivi. Kwa miguu ya miaka 9 ni nyingi mno. Kuna treni hadi Grein, punguza nusu. Kwenye kona kubwa ya mto, ya Schlögen, njia ya ukingo wa kaskazini inakatika, lazima kivuko. Melk hadi Krems, bonde la Wachau, ndiyo siku ya kwenda polepole. Kaskazini kuna vijiji vizuri lakini mawe na vilima vifupi vinavyotikisa trela. Kusini ni shwari. Tulivuka mto pale kijiji cha Spitz kwa kivuko kisicho na injini: kimefungwa kwenye waya uliovuka mto, na mkondo wenyewe ndio unaokisukuma. Watoto walitaka kurudi tena.

Upepo kwa kawaida hutoka magharibi, yaani mgongoni. Upepo ukigeuka, mkubwa asiye na trela atangulie, mtoto amfuate nyuma. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunueni chakula Jumamosi.

Kama mnarudi Passau kwa treni na baiskeli zenu, wekeni nafasi za baiskeli mapema, na hakikisheni trela linakunjika: tuliondoa magurudumu na kulipandisha kama mzigo.