Uzoefu wangu na RAM ya G.Skill Flare X5: jinsi nilivyochagua kumbukumbu inayoendana na ubao mama na prosesa

Kompyuta ninayoitumia nyumbani niliiunganisha mwenyewe, na ndani yake kuna RAM ya G.Skill Flare X5, seti ya vipande viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja, aina ya DDR5 (kizazi cha RAM kilichofuata DDR4) yenye kasi ya 6000. Nimeridhika nayo, na nitaeleza kwa nini. Lakini sifa nyingi nitakazozitaja si za vipande hivi peke yake. Ni sifa za jinsi vinavyoelewana na prosesa ya AMD Ryzen 5 7600 na ubao mama wa chipseti (chipu inayosimamia ubao) ya B650, kwa sababu RAM hii hii ikipachikwa kwenye mashine nyingine inaweza kwenda kwa kasi ya chini zaidi, au mashine ikakataa kuwaka kabisa. Ndiyo maana siwezi kuipima bila kusimulia nilivyoichagua.

Uchaguzi wa RAM hauanzi kwenye RAM, unaanza kwenye prosesa. Ryzen 5 7600 inakaa kwenye soketi ya AM5, yaani kishikio cha prosesa kwenye ubao mama, na soketi hiyo inakubali DDR5 tu, kama vile AM4 iliyoitangulia inavyokubali DDR4 tu. Kwa upande wa Intel mambo yanahitaji macho makali zaidi, kwa kuwa prosesa za soketi ya LGA 1700 zinaweza kutumia DDR4 au DDR5, ila ubao mama kwa kawaida umetengenezewa aina moja kati ya hizo mbili. Kuna mbao mama zinazofanana karibu kila kitu, hata jina, zikitofautiana kwa herufi chache za mwisho zinazoonyesha kwamba huu ni wa DDR4 na ule ni wa DDR5. Mnunuzi anayesoma jina nusu nusu anaweza kufika nyumbani na vitu viwili visivyoingiana.

Kuingiana kwenyewe kunafaa kuangaliwa kwa karibu. Kipande cha DDR4 na cha DDR5 cha kompyuta ya mezani vyote vina pini 288 na urefu ule ule, kiasi kwamba ukivitazama harakaharaka unaweza kudhani ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye mkato mdogo ulioko kwenye ukingo wenye pini, ambao umehamishwa makusudi ili kipande cha aina moja kisikae kwenye nafasi ya aina nyingine. Mkato usipokutana na kinundu cha ndani ya nafasi, jawabu si kuongeza nguvu za mkono. Jawabu ni kuacha. Umeme nao ni tofauti: kiwango cha DDR4 ni volti 1.2 na cha DDR5 ni volti 1.1, na DDR5 inabeba chipu yake ya kudhibiti umeme juu ya kipande chenyewe, kazi ambayo kwenye DDR4 ilifanywa na ubao mama. Vilevile lazima kuhakikisha kwamba kipande ni cha kompyuta ya mezani, si kile kifupi cha kompyuta mpakato, wala si kile cha seva chenye chipu ya ziada ya kupokea amri. RAM ya seva huvutia wengi kwa ukubwa wake, ilhali ubao wa kawaida wa nyumbani hauwezi kuitumia.

Baada ya hapo nilifungua tovuti ya mtengenezaji wa ubao mama na kutafuta orodha ya RAM zilizojaribiwa. Hatua hii naithamini kuliko nyingine zote, na ni ile ambayo watu wengi huiruka. Kwa kawaida orodha hiyo hupangwa kwa kizazi cha prosesa, kwa hiyo inabidi kufungua iliyo ya prosesa yako. Ubao mmoja unaweza kuwa na orodha moja ya Ryzen 7000 na nyingine ya Ryzen 9000, na zisilingane. Kila mstari unataja namba kamili ya bidhaa, ukubwa, kasi iliyopatikana wakati wa majaribio, mara nyingi kampuni iliyotengeneza chipu zenyewe, na idadi ya nafasi zinazoweza kujazwa kwa kasi hiyo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye ujumbe mzito. RAM inaweza kuwa imejaribiwa ikiwa na vipande viwili tu, na kuwamo kwake kwenye orodha hakumaanishi kwamba vipande vinne vitafika kasi ile ile. Kutokuwamo kwenye orodha nako si hukumu, maana hakuna mtengenezaji anayeweza kujaribu kila RAM iliyoko sokoni; ila kwa mtu anayenunua kwa fedha zake na asiye na vipuri vya kubadilishia, sioni sababu ya kwenda nje ya orodha ilhali ndani yake kuna chaguo tele.

Niliyoichagua inaitwa F5-6000J3038F16GX2-FX5. Jina hilo linatisha kwa macho, lakini ukilitenga sehemu kwa sehemu linajieleza. F5 ni familia ya DDR5; 6000 ni kasi; 3038 inabeba namba mbili za kwanza za muda wa kusubiri (jinsi RAM inavyokawia kabla ya kutoa data), yaani 30 na 38; 16G ni ukubwa wa kila kipande; X2 ni vipande viwili kwenye seti; na FX5 ni Flare X5. Nakushauri usome jina lote mpaka herufi ya mwisho na ulilinganishe na la kwenye orodha, kwa sababu bidhaa mbili zenye jina moja la kibiashara na kasi moja zinaweza kuachana kwenye muda wa kusubiri, na hata kwenye chipu zilizomo ndani.

Namba ya kasi na namba ya kusubiri zinapaswa kusomwa pamoja. Hiyo 6000 ni idadi ya uhamishaji wa data kwa sekunde, kwa mamilioni. Saa ya RAM yenyewe inapiga megahetsi 3000, kwa kuwa data huhamishwa mara mbili katika kila pigo. Ili kupata muda halisi wa kusubiri, zidisha namba ya CL, yaani ile ya kwanza ya kusubiri, kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi. CL30 kwenye 6000 inatoa nanosekunde 10. CL36 kwenye kasi hiyo hiyo inatoa nanosekunde 12. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inatoa nanosekunde 10 pia, na hapo ndipo inapoonekana kwamba ukubwa wa namba ya CL peke yake hausemi chochote. DDR5 inashinda kwa wingi wa data inayopita: kwa kasi ya 6000, vipande viwili vikifanya kazi kwa chaneli mbili (njia mbili za data kwa wakati mmoja) vinaweza kubeba hadi gigabaiti 96 kwa sekunde kinadharia, wakati DDR4 ya 3200 inafika 51.2.

Kwa nini basi 6000 na si 7200 au zaidi? Prosesa za Ryzen 7000 zilipotoka mwaka 2022, AMD wenyewe waliitaja 6000 kuwa kasi inayozifaa zaidi. Kwenye kasi hiyo kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa kwa kawaida kinaweza kwenda sambamba na saa ya RAM, mmoja kwa mmoja. Ukipanda sana, kidhibiti hulazimika kushuka hadi nusu ya mwendo wa RAM, na faida uliyoilipia inaliwa na ucheleweshaji huo. Ni vizuri pia ieleweke kwamba kiwango rasmi cha prosesa hii ni 5200 kwa vipande viwili, na kwamba kwa AMD, kufika 6000 ni kuvuka kiwango hicho, jambo ambalo linaweza kugusa dhamana ya prosesa. Mimi nililipima jambo hilo na kulikubali. Msomaji naye alipime kabla ya kuamua.

Suala la vipande viwili dhidi ya vinne linastahili kusemwa bila kuzungusha maneno. Ubao wangu una nafasi nne, na jicho linatamani kuziona zote zimejaa. Lakini kiwango rasmi cha Ryzen 7000 kikiwa na vipande vinne vya DDR5 ni 3600 tu, kwa sababu kila kipande kinachoongezwa kinamwongezea kidhibiti mzigo wa umeme na kuchafua mawimbi yanayopita kwenye nyaya za ubao. Wapo wanaopata zaidi ya hapo, lakini huo ni mchezo wa bahati na wa kutumia saa nyingi ndani ya BIOS, programu ya mipangilio ya ubao mama. Kwa maoni yangu, anayehitaji gigabaiti 64 anunue seti ya vipande viwili vya 32. Pia asinunue seti mbili tofauti na kuzichanganya, hata kama zina jina moja, kwa kuwa mtengenezaji huhakikisha kupatana kwa vipande vilivyofungwa pamoja, si vya pakiti mbili.

Jambo la umbo nililipa uzito pia. Flare X5 ina urefu wa milimita 33 ikiwa na bamba lake la kupoozea joto, nayo haina taa. Kipoozeo changu ni cha hewa, kina mnara mpana na feni inayoning'inia upande wa RAM, na vipande vyenye mabamba marefu vingeigusa. Hapa hakuna kilichogusana. Vipande viwili vinakaa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo mara nyingi huandikwa A2 na B2. Kitabu cha ubao kinaonyesha hivyo, na sababu ni kwamba nyaya za mbao nyingi zimechorwa ziishie kwenye nafasi hizo. Kipande nilikiingiza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, hadi kibanio kilipojifunga kwa mlio mkavu. Ubao wangu una kibanio upande mmoja tu, na upande wa pili hautoi mlio wowote, kwa hiyo nililazimika kutazama kwa tochi kuhakikisha kwamba ukingo umezama sawa pande zote mbili.

Mara ya kwanza kuwasha ni wakati wa kutulia. Feni zilizunguka, kioo kikabaki cheusi, na taa ndogo ya ubao yenye maandishi ya DRAM ikaendelea kuwaka. Kwenye AM5 hali hiyo ni ya kawaida: ubao unajifunza RAM, ukipima mawimbi na kutafuta mpangilio unaofaa, na unaweza kuchukua dakika kadhaa. Anayezima umeme katikati kwa hofu anaulazimisha kuanza upya. Baada ya kungoja kwa subira, picha ilitokea, nami nikaingia BIOS moja kwa moja.

Huko RAM ilijitambulisha kwa kasi ya 4800 na volti 1.1. Hiyo si kasoro wala udanganyifu, maana ndicho kiwango cha kawaida kilichohifadhiwa kwenye chipu yake ya taarifa, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji mpaka uiombe. Kabla ya kuiomba nilisasisha BIOS, kwa sababu matoleo mapya ya AM5 yameboresha sana namna ubao unavyoelewana na RAM. Kisha nikawasha profaili ya EXPO (mpangilio wa kasi ya juu uliohifadhiwa kwenye RAM), ambayo ni ya AMD. Kwenye mashine za Intel inayolingana nayo huitwa XMP. RAM ikapanda hadi 6000, CL30, volti 1.35, na baada ya ubao kujifunza upya kwa muda, mashine ikawaka.

Kuwaka si ushahidi wa uthabiti. RAM yenye kosa dogo inaweza kufungua mfumo vizuri na kuharibu faili polepole bila mwenyewe kujua, na DDR5 kuwa na usahihishaji wa makosa ndani ya chipu hakuibadilishi kuwa RAM ya ECC ya seva, ile inayosahihisha makosa hata njiani, kwa sababu data inayosafiri kati ya RAM na prosesa hailindwi na usahihishaji huo. Kwa hiyo niliweka Memtest86+, programu ya kujaribu RAM, kwenye flashi, nikawasha mashine kutoka humo, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Haikukuta kosa hata moja. Hapo ndipo nilipoweka mfumo na kuanza kuhamishia kazi zangu.

Katika matumizi ya kila siku, ambayo kwangu ni kuhariri picha, kufungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja na kuendesha mashine pepe moja (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta), gigabaiti 32 zinatosha na kubaki. Mfumo unaonyesha kiasi kidogo pungufu ya 32 kinachoweza kutumika, na hilo lisimtie mtu wasiwasi: Ryzen 5 7600 ina sehemu yake ya ndani ya kutoa picha kwenye kioo, nayo hujitengea kiasi cha RAM. Mashine haijazima ghafla tangu nilipoiweka kwenye profaili hiyo, na vipande havipati joto la kutisha. Kama kompyuta ingekuwa ya Intel ningechagua seti yenye profaili ya XMP, kwa kuwa hii imeandaliwa kwa ajili ya EXPO, na ingawa ingeweza kwenda huko, sioni haja ya kununua kitu na kukipeleka mahali ambapo hakikukusudiwa.

Nikija kuhitaji zaidi ya hapa, nafasi mbili zilizobaki sitazijaza. Nitaifungua tena orodha ya ubao wangu, nitafute seti ya vipande viwili vya 32 iliyojaribiwa kwa 6000, na hivi vya sasa nitavihamishia kwenye mashine nyingine ya AM5.