Kliniki ya ini Chennai tulikompeleka baba mdogo: nyota 4 kati ya 5

Naandika kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kansa ya ini anayewaza India, maana dalali wa wagonjwa hapa Dar alituambia "mnaenda kukata uvimbe mnarudi" na mambo hayaendi hivyo kabisa. Hii ni kliniki ya ini ndani ya hospitali kubwa ya binafsi.

Kilichonikosha ni kwamba neno operesheni halikutajwa mpaka walipolipima ini lenyewe. Baba mdogo ana homa ya ini B ya miaka mingi, uvimbe mmoja wa sentimita 4, na ini limeshajaa makovu. Wakaangalia bilirubini (rangi ya njano kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini), damu inavyoganda, kama kuna maji tumboni na kama akili imetulia, vitu vitano hivyo ndo vinampa mgonjwa daraja A, B au C, yeye akatoka A, yaani ini bado linafanya kazi vizuri. Halafu siti skani ya kuwekewa dawa mshipani, kinyama cha kupima hawakutoa, wakasema kwa mwenye sirosisi (ini la makovu) uvimbe ukiwaka kwa ile dawa halafu ukafifia kwenye picha jibu linakuwa limepatikana.

Daktari wa upasuaji mwenyewe ndo akatuambia hamkati. Ini lenye afya unaweza kuondoa hata zaidi ya nusu likajijaza tena, la makovu haliwezi hivyo, na kwa baba mdogo presha ya mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini ilishapanda hadi mishipa ya koo la chakula imevimba, yaani angekatwa ini lingezima. Daktari anayekataa kupasua akakueleza na sababu, huyo mshike.

Ikabaki kupandikiza. Vigezo vinavyofuatwa ni vya Milan (mji wa Italia vilikotungwa) vya mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu ambayo kila mmoja hauzidi 3, na usiwe umeingia kwenye mishipa mikubwa wala kutoka nje ya ini. Walio ndani ya hapo, zaidi ya nusu wanavuka miaka 5 vizuri tu, na baba mdogo alikuwa ndani. Sa mgeni kule inabidi aende na ndugu wa kumpa kipande cha ini, na kuna kamati inayohakiki undugu. Mwanae mkubwa alijitolea bila kuulizwa, wakampima, ini lake lina mafuta mengi, wakamkataa, kijana alilia sana. Ila pale ndo niliwaamini kabisa, bili ya kupandikiza ni kubwa kuliko zote na bado hawakutaka kumhatarisha mtoto wa watu.

Mwisho alipata tiba mbili kwa pamoja. Ya kwanza wanapitisha mrija mwembamba kinenani hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, wanamwaga kemo (dawa ya kuua kansa) hapohapo halafu wanaiziba ateri. Niliuliza ini lenyewe si litakufa? Wakanichorea: uvimbe unakula kwa ateri, ini linapata damu yake nyingi kwa ule mshipa mwingine unaotoka kwenye utumbo. Homa, kichefuchefu na maumivu vilimsumbua siku kadhaa, walitutahadharisha mapema. Tiba ya pili, baadaye wakauchoma uvimbe kwa joto la sindano ya maikrowevu. Skani ya mwezi mmoja ikaonyesha uvimbe haunyonyi damu tena, alhamdulillah. Hawakusema amepona, walisema unaweza kurudi au ukaota mwingine, kwa hiyo skani kila miezi 3 na tenofovir, dawa yake ya homa ya ini B, asiiache. Jirani yetu wodini uvimbe wake ulishatoka nje ya ini, yeye alikuwa kwenye dripu za atezolizumab na bevacizumab, dawa za kansa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya pesa na lugha. Makadirio tuliyopewa hayakuwa na dawa za kuondokea wala skani ya marudio, ukiuliza unarushwa dirisha hadi dirisha, na mkalimani wa Kiswahili jioni anaondoka, usiku mgonjwa anaumwa mnaongea kwa ishara na nesi, kwa hospitali ya hadhi ile haikubaliki jamani.

Mkienda bebeni picha za skani kwenye CD, karatasi ya majibu peke yake haiwatoshi, na vyeti vya kuzaliwa vya ndugu anayeweza kutoa ini, hata kama mmeambiwa mnaenda kukata tu.