Fyuzi haikukata, kikopo kikayeyuka: uzoefu wangu na fundi umeme wa boti

Sijawahi kuandika habari za fundi yeyote. Huwa nasema riziki ya mtu ni yake, nanyamaza. Safari hii sinyamazi, kwa sababu pembeni ya kile kikopo cha plastiki kinachoshika fyuzi kulikuwa na dumu la petroli la lita 20, na juu ya ubao uliofunika vyote viwili alikuwa amekaa mtoto wa dada yangu.

Boti yangu ya faiba iko Kunduchi. Tunavua dagaa usiku wakati wa giza, na tangu tuachane na karabai tunatumia taa za LED za volti 12, sita, kila moja wati 30. Kazi ya kuzifunga nilimpa fundi mmoja wa mjini, anayesifiwa kwa umeme wa magari. Akaja na waya wake, akamaliza kwa siku moja. Nyaya zimenyooka, zimefungwa kwa mikanda ya plastiki kila baada ya futi moja, yaani ukiangalia unafurahi.

Wiki ile ile fyuzi ikaanza kukata. Ilikuwa ya ampea 15, ile ya buluu. Unaweka mpya, saa moja taa zinawaka, inakata. Nikampigia. Akaja, akachomoa ya buluu, akachomeka ya kijani ya 30. "Hii haikusumbui tena, bosi." Nikamshukuru, nikampa na nauli ya bodaboda.

Haikukata tena. Giza moja likapita, likaja la pili, kaskazi inaelekea kuisha. Usiku huo dagaa walikuwa wamekusanyika vizuri chini ya taa, vijana wameshashika nyavu, kijana wangu akasema, "Mjomba, kuna harufu ya plastiki." Nikadhani ni mashine. Akasema hapana, huku chini yangu.

Nikafunua ubao. Kikopo kilikuwa kimelegea kama mshumaa uliokaa juani, kimeinamia upande mmoja, plastiki imegeuka kahawia. Waya unaoingia pale, kipande cha urefu wa kiganja, ganda lake limevimba na linanata. Fyuzi ya kijani imo ndani, nzima, ule uzi wake haujakatika. Na taa zote sita bado zinawaka! Kijana akarukia betri akachomoa tamino kwa mkono. Tukarudi pwani kwa tochi ya simu.

Asubuhi fundi akaja mpaka mchangani. Nikamwonyesha. Hakuinama hata kuangalia. Akasema mbele ya mabaharia wangu wote: "Ingekuwa tatizo ni umeme, fyuzi ingekata. Nyinyi wavuvi mnamwaga maji ya chumvi halafu mnalaumu mafundi. Wewe unajua samaki, mimi najua umeme." Mimi ni mtu mzima, nina umri wa baba yake. Nikameza mate, nikamwacha aondoke.

Kwa siku kadhaa nilimwamini, na hilo linaniuma kuliko kikopo kilichoungua. Nilidhani kweli ni chumvi yetu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyekuwa anafunga umeme kwenye boti za watalii. Huyu alikuja na mita ya kupimia umeme. Akawasha taa zote, akagusisha ncha zake, moja upande huu wa kikopo, nyingine upande wa pili. Ikasoma volti 0.9. Akaniambia, taa zako zinavuta ampea 15. Zidisha kwa 0.9, ni wati 13 na ushei, zote zinageuka joto ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Ni kama umefungia chuma cha kulehemu pale chini na kukiacha usiku kucha. Fyuzi haiwezi kuliona joto hilo, maana inahesabu ampea tu, na ampea hazijafika 30. Kiungo kimelegea, kimeshika kutu ya kijani, kinapata moto, moto unakilegeza zaidi, na kinazidi kupata moto.

Kisha akachukua kisu akakwangua waya. Nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba! Waya umeandikwa milimita 2.5 za mraba, urefu mita saba kwenda na saba kurudi, unaliwa na chumvi kila siku. Kwenye betri volti 12.5, kwenye taa 9 na ushei. Ndiyo maana mwanga ulikuwa unafifia nami nikilaumu taa.

Nikamuuliza, mbona nyumbani waya kama huo unabeba pasi? Akasema nyumbani ni volti 230, wati 180 ni pungufu ya ampea moja. Huku kwenye 12 wati hizo hizo ni ampea 15. Volti ndogo ndiyo inayotaka waya mnene, na watu wengi wanafikiri kinyume.

Tumetoa kila kitu. Waya mpya ni shaba tupu ya milimita 10 za mraba, nyuzi nyingi laini, zimepakwa bati zisiliwe na chumvi. Ncha zimebanwa kwa koleo maalumu, hakuna kusokota na kufunga tepu. Fyuzi ni ya 20, na imekaa kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, hata shubiri haifiki. Yule wa kwanza aliiweka katikati ya boti, kwa hiyo kipande chote kutoka betri mpaka pale hakikuwa na ulinzi wowote. Fyuzi ipo kwa ajili ya waya. Waya ukiwa mwembamba, kuweka fyuzi kubwa ni kumwondoa mlinzi mlangoni.

Sasa mita inasoma volti 0.08 kwenye kikopo, na 12 kwenye taa. Kila usiku, baada ya saa moja ya kuwasha, kijana anapitisha mkono kwenye kila kiungo. Uvuguvugu sawa. Ukishindwa kuacha kidole hapo, zima.

Nataka kusema haki. Yule fundi wa kwanza ana mkono mwepesi, na siku mashine yangu ilipogoma kuwaka alikuja Jumapili, akaitengeneza, hakunipandishia bei. Kwa starta na gari ningeweza kumpigia tena. Inawezekana hata yeye waya aliuziwa kama shaba, huko Kariakoo wanauziwa wengi. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo, kwamba ni fundi mzuri ila boti si kazi yake.

Lakini kumbukeni alichofanya. Fyuzi ya 15 ilikata mara nne. Mara nne ilituambia kuna kitu, naye akatafuta ya kuinyamazisha. Kukwangua waya kwa kisu ni sekunde tano. Kuinama kuangalia kikopo kilichoungua ni bure. Hakuinama! Hapana, hata kwa starta simwiti. Boti tatu nyingine hapa pwani amezifunga yeye, na nimeshapita kwa wenyewe mmoja mmoja kuwaambia wafunue ubao. Wa pili alikuta fyuzi ya kijani.

Salio lake, elfu arobaini, bado ninalo kwenye bahasha. Akilitaka aje mchana, vijana wakiwepo, na kile kikopo nimekihifadhi humo humo.