Usinunue vigae vya jikoni kabla hujahesabu mistari

Nilipomaliza jiko langu la Tabata nilipiga picha ya ukuta nikaituma kwenye kundi la familia. Mozeki nyeupe, vipande vya sentimita mbili na nusu, kuanzia juu ya kaunta hadi chini ya makabati. Watu wakamwaga pongezi. Shangazi yangu peke yake ndiye aliyeuliza: "Nzuri mwanangu, utaisugua na nini?" Nikamwona ana wivu.

Ramadhani ya pili ilipokwisha nikamwelewa. Mwezi mzima wa sambusa, bajia na samaki wa kukaanga, na ukuta wa nyuma ya jiko la gesi ulikuwa na rangi ya biriani. Vipande vyenyewe vilikuwa vyeupe vilevile kama siku ya kwanza. Kilichochafuka ni mistari iliyo katikati yake, grauti. Nilisugua kwa mswaki hadi kidole gumba kikaota sugu. Tangu niliposimulia mkasa huu nimeletewa malalamiko ya namna hiyohiyo na wadada wengi, na karibu wote wanalaumu tailizi. Tailizi haina kosa, jamani.

Kwa hiyo sitawaambia mchague rangi gani, wala kama ung'aavu ni bora kuliko mfifio. Hayo kila muuza duka atakueleza bila kuulizwa. Mimi napanga vigae kwa kipimo kimoja tu: vinakuachia mita ngapi za grauti.

Chukua ukuta wa kawaida, mita 3 kwa urefu na sentimita 60 kwenda juu. Ukiweka vigae vya 30 kwa 60 vilivyolala, unapata safu mbili za vipande vitano vitano. Mstari wa kulala ni mita 3, ya kusimama ni minne ya sentimita 60, jumla mita 5.4. Ukuta huohuo kwa mozeki yangu una mistari 23 ya kulala na 119 ya kusimama. Nilipopiga hesabu nilirudia mara tatu, maana sikuamini: zaidi ya mita 140. Nilikuwa nimejinunulia mita 140 za kusugua kwa mswaki.

Grauti ya kawaida msingi wake ni simenti, na simenti ina vitundu. Mafuta ya moto yakiruka yanaingia humo, na binzari inaingia pamoja nayo, kwa sababu rangi ya binzari huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kama umewahi kufua kanzu yenye doa la mchuzi kwa sabuni ya mche, umeona manjano yakigeuka mekundu mikononi mwako. Simenti mbichi nayo ina ukali wa namna hiyo ya sabuni. Nguo angalau unaianika, jua linalila doa. Ukuta wa jikoni utauanika wapi?

Halafu tunaharibu zaidi kwa mikono yetu. Ndimu, siki, na lile balaa la dawa ya choo: asidi inakula simenti. Siku hiyo mstari unang'aa, unafurahi, kumbe umeuchubua ngozi, na doa la wiki ijayo litazama zaidi.

Sasa vigae vyenyewe, nianze na ninavyovipenda.

Namba moja ni 30 kwa 60, na mnisamehe, mimi ni mtu wa Twyford. Sijalipwa na yeyote. Vinatengenezwa Chalinze, hapa hapa Pwani, kwa hiyo kimoja kikivunjika nina matumaini ya kupata ndugu yake bila kusubiri meli. Boksi ambalo mimi hununua lina vipande vinane, mita za mraba 1.44. Kwa ukuta wetu wa mfano mabokisi mawili yanatosha na unabaki na akiba nzuri ya makosa ya fundi. Goodwill ya Mkuranga nayo nimeiona kwa dada yangu, sina ubaya nayo, ila moyo wangu uko Chalinze. Ukisimama dukani weka vipande viwili uso kwa uso, vigonganishe kingo. Vikiachana katikati, vimepinda, na fundi atalazimika kupanua mistari ili kuficha. Kila milimita anayoongeza ni chakula cha binzari.

Namba mbili ni porselini kubwa ya 60 kwa 120, ile tuliyozoea kuitandaza sebuleni. Ukiilaza ukutani unapata mistari miwili tu ya kusimama, mita 1.2 basi! Kwa kipimo changu ilipaswa kuongoza. Nimeishusha kwa sababu ya soketi. Fundi akikosea tundu moja la soketi kwenye kipande cha 30 kwa 60 unasikitika kidogo. Akikosea kwenye hiki unakaa chini. Tena ni kizito, kinataka watu wawili na gundi ipakwe ukutani na mgongoni mwa kigae pia. Kama fundi wako ana mashine ya kukatia inayotumia maji na mkono usiotetemeka, geuza, kifanye cha kwanza.

Vigae vya umbo la tofali, vile vinavyojaa kwenye picha za majiko ya Ulaya, ni vya tatu. Vya 10 kwa 20 vinakupa mita 23 hivi za grauti, vya 7.5 kwa 15 vinafika 32. Nakubali vinapendeza. Nunua kama mnakula chukuchuku.

Mozeki ni ya mwisho, sina haja ya kurudia. Kama roho haitulii, iweke ukuta wa mbali na moto, juu ya sinki.

Vya bei ya chini, 25 kwa 40 na 20 kwa 30: vinafaa, mistari si mingi sana, angalia tu kingo. Stika za sponji: hapana, na karibu na moto wa gesi hapana mara mbili.

Kuna wanaouliza kuhusu kupandisha graniti ya kaunta hadi ukutani. Mistari karibu sifuri, ni kweli, ila graniti nayo hunywa mafuta isipopakwa dawa yake, na mwenye hela ya kuvisha ukuta graniti hana haja ya ushauri wangu.

Sasa nitoe dukuduku langu la Kariakoo. Mozeki yangu niliambiwa ni "ya Spain, mama, hii ni Spain yenyewe." Nilipofika nyumbani nikasoma ubavu wa boksi: Foshan, China. Sina shida na Foshan, nusu ya majumba yetu yametandikwa bidhaa za huko, na hata Keda wanaotengeneza Twyford kwao ni hukohuko. Shida yangu ni kulipishwa nauli ya Ulaya. Halafu bei inatajwa kwa boksi, kamwe si kwa mita. Boksi hili lina mita 1.44, la pembeni yake lina mita 1, na muuzaji anakutazama usoni anasema la pili ni nafuu. Gawanya mwenyewe hapohapo kwenye simu, asikuharakishe. Na soma namba ya toleo kwenye kila boksi. Mimi nilipewa mawili ya toleo moja na la tatu la jingine. Mchana huoni, usiku ukiwasha taa ukuta una kiraka.

Muuzaji angalau alinidanganya jina la nchi tu. Fundi wangu wa kwanza alinidanganya grauti yenyewe. Nilimpa hela ya grauti, akaenda akarudi na mfuko usio na jina, akaukoroga kama uji wa mgonjwa. Ilikuwa simenti nyeupe. Wengi wao hufanya hivyo na wala hawaoni kosa, "dada, ni kitu kilekile." Si kilekile. Grauti nunua mwenyewe, fungua mfuko mbele ya macho yako, na ukae hapo inapokorogwa. Maji mengi yanairahisishia mkono na kuiachia vitundu zaidi ikikauka.

Kama uwezo upo, nyuma ya jiko weka grauti ya epoksi. Hii haina simenti, ni dawa mbili zinazochanganywa, na ikishakauka mafuta hayana pa kuingia. Mimi nilipoachana na mozeki nikaweka 30 kwa 60, niliagiziwa Kerapoxy ya Mapei, Waitaliano. Mkebe ulinigharimu kuliko tailizi zote za ukuta, na kwa mita 5.4 nilibakiza zaidi ya nusu. Fikiria ningekuwa na zile 140. Mafundi wanaichukia kwa sababu haisubiri: wakichelewa kufuta, utando unagandia juu ya kigae, na kwa joto la Dar fundi akienda dukani kununua soda amekwisha kuchelewa. Mwambie achanganye, ajaze kipande kidogo, afute, ndipo aendelee. Asipotaka, tafuta mwingine.

Kwa ufungaji wenyewe sina mengi. Zima umeme kwenye meni swichi kabla mtu hajagusa soketi. Ukuta wenye rangi ya mafuta ugongwegongwe kwa nyundo hadi uwe na mikwaruzo, la sivyo gundi inashika rangi na rangi inaachia ukuta. Pimamaji iwekwe kwenye safu ya kwanza, maana kaunta nyingi haziko sawa. Kati ya kaunta na kigae cha kwanza achieni milimita 3, na hapo jazeni silikoni. Grauti hapo itapasuka tu, kaunta na ukuta havitembei pamoja. Gundi ilale siku nzima kabla ya grauti.

Kama umetumia grauti ya simenti, siku chache baadaye ikishakauka, dondosha tone la maji juu ya mstari ulio nyuma ya jiko. Likinyweka na mstari ukawa mweusi, inataka kupakwa dawa ya kuziba vitundu kabla hujakaanga hata yai, na utairudia kila tone litakapoanza kunyweka tena. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, washa jiko. Fundi wangu wa pili aliniona nikidondosha maji akacheka, akauliza nafanya uganga gani. Nikamwambia asubiri dakika tano, nusu ya hela yake ilikuwa bado kwenye pochi yangu.