Darasani au mtaani: wauguzi wa Kisumu wajifunzie wapi utamaduni?

Darasani mwanafunzi hukutana na Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyeasisi uuguzi unaozingatia utamaduni. Anapata istilahi na utaratibu wa kumhoji mgonjwa. Ni nafuu pia: ukumbi mmoja, wanafunzi wengi. Lakini hapo ndipo huzaliwa orodha za "Waluo hufanya hivi, Wakisii vile", na orodha hizo hunitia hofu.

Mwanafunzi akipelekwa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, anakaa kwenye kigoda akimsikiliza mama aliyejifungua juzi akieleza kwa nini familia ilitaka kondo la nyuma likazikwe nyumbani. Mlango wa pili, mama mwingine, Mluo vilevile, anasema yeye hana haja nalo. Hapo anajifunza kuuliza kabla ya kudhani. Gharama ipo: nauli, muda, na zaidi ya yote msimamizi, kwani bila msimamizi, mwanafunzi anaweza kurudi na dharau ileile aliyokwenda nayo.

Mimi ningetanguliza mtaa, kisha Leininger. Aliyekwisha kuwasikia akina mama hao wawili atamsoma akiwa na maswali yake mwenyewe.